155, 146a, 21 au 124: uchague mikro-RNA ipi kwa jeraha la uti wa mgongo?

Kijana alinikuta Kirumba nakula sato, laptopu kwapani. Anasoma shahada ya pili, na pendekezo lake la utafiti lilikuwa limerudishwa mara mbili. "Shikamoo dada," akasema, akavuta kiti. "Naomba neno moja tu. Nichukue ipi?" Kwenye kioo alikuwa na orodha ya mikro-RNA kumi na nne, nyuzi fupi zinazopunguza kazi za jeni, kila moja namba yake ndiyo jina, zote zimesifiwa kuwa na kazi kubwa kwenye mchochota na kupona baada ya jeraha la uti wa mgongo. Kumi na nne, na fedha za kupima tatu. Nikamwambia aagize chakula kwanza.

Jibu nililompa naliandika hapa kwa urefu, maana si yeye wa kwanza kuniuliza. Nimefanya kazi ya maabara hapa Mwanza kwa miaka, na nakiri mapema kwamba nina upendeleo. Wengine wakitajiwa mikro-RNA wanaangalia imeandikwa mara ngapi kwenye majarida. Mimi naangalia chupa ya damu imefikaje mezani.

Kwanza, moto wenyewe

Tunasema "uti wa mgongo" tukimaanisha vitu viwili: pingili za mfupa, na ule ugwe laini wa neva unaopita ndani yake. Hapa nazungumzia ugwe. Mtu ameanguka kutoka kwenye mwembe, au bodaboda imemrusha Buzuruga, pingili ikavunjika na kuubana ugwe. Pigo lenyewe linaisha kufumba na kufumbua. Kinachofuata ndicho kinachochukua siku na wiki: damu inavujia ndani, oksijeni inapungua, glutameti inamwagika kutoka kwenye seli zilizopasuka na kuziua za jirani, kisha mchochota unaanza. Ni moto ule ule unaoujua kwenye jipu, wekundu na joto na uvimbe na maumivu, ila huu unawaka ndani ya mfereji wa mfupa usio na nafasi ya kuvimbia.

Walinzi wanaingia kwa zamu. Mikroglia, wakazi wa humo humo kwenye ugwe, wanaamka kwanza. Nyutrofili, chembe nyeupe za kwenye damu, zinaingia ndani ya saa chache na kujaa siku ya kwanza. Makrofaji, chembe zinazomeza taka, zinafuata, zikiongezeka hadi karibu siku ya saba. Astrosaiti, seli zinazohudumia neva, zinanenepa pembezoni mwa jeraha na kujenga kovu. Hakuna hapo aliye mbaya mtupu: makrofaji zinazoa mabaki, kovu linazuia moto usisambae. Tatizo ni pale zamu inapokwisha na mlinzi hataki kwenda nyumbani.

Mikro-RNA ni uzi mfupi wa RNA, herufi 22 hivi, usiotengeneza protini yoyote. Unakatwa mara mbili, na kimeng'enya Drosha ndani ya kiini cha seli na Dicer nje ya kiini, kisha unapakiwa kwenye protini iitwayo Argonaute. Herufi ya 2 hadi ya 8 ndizo zinazotafuta mwenza, mara nyingi kwenye mkia wa ujumbe wa jeni. Zikimpata, ujumbe unasomwa kidogo au unavunjwa. Maabara za Victor Ambros na Gary Ruvkun zilieleza habari hii kwenye mnyoo mdogo mwaka 1993, na wawili hao wakapewa Nobel mwaka 2024. Fikiria karabai za wavuvi wa dagaa: mikro-RNA haizizimi, inazipunguza mwanga. Tena mkono huo mmoja unapunguza karabai nyingi kwa mpigo, nyingine za rafiki na nyingine za adui. Kwa hiyo ukisoma mahali pameandikwa "mikro-RNA nzuri", weka alama ya kuuliza pembeni.

155 na 146a, moto na zimamoto

Hizi mbili zisomwe pamoja, kwa sababu zinawashwa na kengele ile ile. Makrofaji au mikroglia ikihisi hatari, NF-kB, protini inayowasha jeni za mchochota, inaamka, na zote mbili zinapanda. Kutoka hapo kila moja inashika njia yake. 155 inakandamiza protini SOCS1 na SHIP1, ambazo kazi yake ni kufunga breki. Breki zikilegea, TNF, kemikali inayochochea moto, na wenzake wanaendelea kumwagwa. 146a inakandamiza IRAK1 na TRAF6, matarishi wanaopeleka habari ya hatari hadi kwa NF-kB. Yaani NF-kB inaiita 146a, na 146a inarudi kuipoza NF-kB. Mzunguko huo umejulikana tangu mwaka 2006, na nadhani ni mojawapo ya visa vilivyopangika vizuri kabisa katika biolojia ya kinga.

Uzuri huo ndio unaowaponza wanafunzi. 146a ikipanda kwenye damu, wanaandika "mgonjwa anapona". Gari la zimamoto likipita mtaani kwako unajua kuna moto mahali. Hujui kama unazimika. Ukiipima 146a peke yake, siku moja tu, huna jibu. Ukiipima pamoja na 155, kwa siku kadhaa, ukaona 155 inashuka huku 146a ikibaki juu, hapo una cha kusema.

Kwa upande wa tiba, kati ya hizi mbili mimi nasimama na 155, na sababu yangu ni kazi iliyochapishwa mwaka 2016 huko Marekani. Panya wadogo walioondolewa jeni la 155 waliumizwa ugwe, na mambo mawili yakaonekana: makrofaji zao zilikuwa na ukali mdogo, na neva zenyewe zikaotesha aksoni, mikia yake mirefu ya kupeleka habari, vizuri zaidi kuliko za panya wa kawaida. Miguu ya nyuma nayo ilitembea vizuri zaidi. Mikro-RNA nyingi zinagusa moto, au zinagusa neva. Hii ilionekana kugusa vyote viwili. Ila soma kwa makini: panya hao walizaliwa bila 155. Mgonjwa wetu alizaliwa nayo, akaanguka, na dawa itabidi impate baadaye. Hayo ni maswali mawili tofauti.

Kuna jambo jingine linalonifanya niipende 155. Ni kitu cha kuzuia, si cha kuongeza, na kuzuia ni rahisi zaidi. Unatengeneza uzi unaolingana nayo, unaishika na kuifunga. Kizuizi cha 155 kiitwacho cobomarsen kimeshajaribiwa kwa binadamu wenye saratani ya limfu ya ngozi. Na nyuzi fupi za namna hiyo zinaweza kufika kwenye ugwe: nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa watoto na watu wazima wenye ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, inachomwa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Nusinersen haishiki mikro-RNA, lakini imeonyesha kwamba mlango upo.

Ubaya wa 155 ni kwamba kinga inaihitaji. Tangu mwaka 2007 inajulikana kuwa panya wasio nayo wana kinga dhaifu na chanjo haiwashiki sawasawa. Sasa mfikirie mtu aliyepooza, ana mpira wa mkojo, ana kidonda cha kulalia kwenye makalio. Huyo ndiye unayetaka kumpunguzia kinga?

21, inayogombanisha watu

Kama unafanya mapitio ya machapisho tu, bila kugusa maabara, chukua 21 na usiangalie nyuma. Ina kila kitu, mpaka ugomvi.

Inapanda baada ya ugwe kuumia, hilo halina mjadala. Mwaka 2012 kundi la Chicago lilitumia panya wadogo waliobadilishwa ili astrosaiti peke yake ziguswe. Zilipoongezewa 21, hazikunenepa sana. 21 ilipozuiwa, zilinenepa zaidi, lakini ndani ya jeraha aksoni zikaonekana nyingi. Kwa hiyo kuizuia kulikuwa na faida yake. Mwaka uliofuata watafiti wa China wakawachoma panya wakubwa kizuizi cha 21, na matokeo yakawa kinyume: panya walitembea vibaya zaidi, jeraha likapanuka, na seli nyingi zaidi zikajiua. Maelezo yao ni kwamba 21 inakandamiza PTEN na jeni nyingine zinazosukuma seli kwenye kifo, kwa hiyo kuiondoa ni kuivua seli ngao yake.

Kijana wangu akauliza, "Sasa dada, nani mwongo?"

Hakuna. Angalia walivyofanya. Chicago waligusa aina moja ya seli, China wakagusa zote kwa pamoja. Kule ni panya mdogo, huku ni mkubwa, na ugwe wa hawa wawili haukauki kwa namna moja: wa panya mkubwa unabaki na shimo lenye maji, kama wa binadamu, wa panya mdogo unajazwa na nyama ya kovu. Hata vipimo vya kutembea vinatofautiana, kwa mkubwa alama ni 0 hadi 21 na kwa mdogo 0 hadi 9, kwa hiyo usije ukaziweka kwenye jedwali moja ukazichora pamoja. Nimeona jedwali hilo. Lilikuwa na rangi nzuri sana.

Kama dawa, 21 inanitia hofu. Iko juu kwenye uvimbe mwingi wa saratani, na PTEN ile ile inayookoa neva ikikandamizwa ndiyo breki ya saratani. Kuiongeza kwa mgonjwa kwa miezi ni jambo ambalo mimi nisingeweka sahihi.

124, mkimya wa nyumbani

Nyingine tatu zinapanda, hii inashuka. 124 imejaa kwenye seli za neva, na kazi ya mwaka 2011 kwa panya ilionyesha kuwa inaziweka mikroglia katika utulivu kwa kukandamiza C/EBP-alfa, na kupitia hiyo PU.1, protini mbili zinazoziamsha. Ugwe ukiumia, 124 inapungua humo ndani, na walinzi wanaachwa bila wa kuwatuliza.

Tiba hapa ni kuirudisha, na kurudisha kuna kazi. Lazima uzi uvushwe hadi ndani ya seli ukiwa mzima. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyoifungasha 124 kwenye chembe za kaitosani, ambayo kwa kawaida hutokana na magamba ya kamba na kaa, na panya wakubwa waliopewa wakaonekana na makrofaji chache zilizoamka kwenye jeraha. Ni mwanzo mzuri. Lakini mwaka huo huo jaribio la binadamu la dawa ya kuongeza mikro-RNA nyingine, 34a, kwa wagonjwa wa saratani, lilisimamishwa kwa sababu kinga za baadhi ya wagonjwa zilichachamaa vibaya. Kuongeza kumeshaumiza watu. Mwanafunzi akiniandikia kuwa 124 "ni salama kwa sababu ni ya asili ya mwili", nazungushia kalamu nyekundu.

Kwenye damu ndiko 124 inakonipendeza. Damu ya mtu mzima wa afya ina 124 kidogo sana. Ikionekana imepanda, kuna seli za neva zimepasuka mahali. Haisemi ni wapi, na hilo ni tatizo la kweli kwetu: dereva wa bodaboda asiye na kofia ngumu anapasua kichwa na kuvunja mgongo kwa ajali moja. Bila picha ya CT ya kichwa, 124 yake huwezi kuigawa.

Kuhusu 223, ambayo nayo ilikuwa kwenye orodha ya kijana, nasema kwa kifupi: ni ya nyutrofili, na zamu ya nyutrofili ni saa za mwanzo. Mgonjwa anayetoka Ukerewe kwa kivuko, au aliyefukuliwa machimboni Geita akapitia zahanati mbili, anafika hospitali ya Bugando zamu hiyo ikiwa inaelekea ukingoni. Iache.

Tatizo la ziwa, na chupa za rozela

Machapisho mengi ya mikro-RNA yanatoka kwenye panya waliofugwa ndani ya chumba kisafi. Watu wetu wanaishi ufukweni. Kichocho kipo pande zote za ziwa hili, malaria ipo, na mgonjwa wa ugwe akishakaa wadi wiki mbili anaongeza maambukizi ya njia ya mkojo na vidonda vya kulalia. 155, 146a, 21 na 223 zote zinasogezwa na mchochota wa aina yoyote, popote ulipo mwilini. Ukizipima kwenye damu ya mkono, unapima moto wa mwili mzima kisha unaandika kwamba ni wa ugwe. Maji ya uti wa mgongo yanasema ukweli zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Canada waliripoti mikro-RNA kwenye maji hayo na kwenye seramu (majimaji ya damu bila chembe) zilizoendana na ukubwa wa jeraha kwa binadamu. Lakini kumchoma mtu sindano ya mgongo kwa ajili ya utafiti tu, kamati ya maadili itakuuliza maswali, na ina haki.

Halafu kuna aibu yangu. Miaka ile naanza, chupa zililetwa kwa pikipiki kutoka kituo kingine, ndani ya kapu la barafu, barabara ya mashimo. Niliendesha kipimo, mikro-RNA namba 16 ikapanda kama moshi. Nilishampigia simu mwenzangu kumtangazia. Akaniuliza swali moja: "Seramu ilikuwa rangi gani?" Ilikuwa rangi ya juisi ya rozela. Chembe nyekundu zilipasuka njiani, na chembe nyekundu zimejaa 16 na 451a. Nilikuwa nimepima mashimo ya barabara.

Tangu hapo sipimi chochote kabla ya kulinganisha 451a na 23a, kwa sababu ya kwanza inaruka chembe zikipasuka na ya pili inatulia. Seramu au plazma ninayoitaka ni ya rangi ya majani makavu, si ya waridi. Ukichukua plazma, chupa iwe ya kifuniko cha zambarau, si cha kijani, maana heparini iliyomo inaharibu PCR, kipimo chenyewe cha kuhesabu mikro-RNA. Damu izungushwe kwenye mashine, chembe zijitenge, ndani ya saa mbili. Weka kiasi kinachojulikana cha mikro-RNA ya yule mnyoo wa Ambros, cel-miR-39, ambayo binadamu hana, ili ujue umepoteza kiasi gani kwenye kusafisha. Na kabla ya yote uliza friza ya nyuzi −80 inashikiliwa na nini umeme ukikatika.

Ningechagua hivi

Swali lako likiwa "seli za neva zimeharibika kiasi gani", na una damu tu, chukua 124, na uwaondoe walioumia kichwa. Likiwa "moto unakwendaje", chukua 155 na 146a kwa pamoja, sampuli tatu au nne kwa kila mgonjwa, na uandike nani ana kichocho, nani ana malaria, nani ana usaha kwenye mkojo. Usipoweza kurudia sampuli, swali hilo liache kabisa. Likiwa ni tiba, fanya 155 kwenye panya, na uizuie baada ya jeraha, si kabla. 21 iandikie mapitio. Na usiunganishe mikro-RNA na kitu kisichopimwa: kila chupa iende na daraja la jeraha, A (kupooza kabisa) hadi E (hali ya kawaida), lililochunguzwa na mtu mmoja yule yule.

Neno kwa mama wa Sengerema aliyeniuliza kwa simu kama kuna mahali wanachoma hii dawa, kwa sababu kuna mtu amemtumia bei. Mama, hakuna mikro-RNA iliyoidhinishwa kutibu ugwe, popote duniani. Hiyo fedha nunua godoro zuri, mgeuze mwanao kila baada ya saa mbili, usikose siku za mazoezi, na mkojo wake utolewe kwa usafi.

Kijana alikuwa anafuta mistari huku anakula. Akafuta 223. Akafuta 21, kwa shingo upande. Zikabaki 124, 155 na 146a, na kidole kikasimama juu ya hiyo ya mwisho.

"Hii niiache, dada?"

Nikamuuliza ana chupa ngapi tayari kwenye friza.

"Arobaini."

"Zilizungushwa baada ya muda gani?"

Akaangalia ziwani kidogo. Akanawa mkono wa kulia, akatoa simu, akaanza kupiga maabara.